Katuni Darasani: Nyuki wa Picha na Somo la Sayansi

Kuna sheria moja ambayo haikuandikwa mahali popote, lakini inafuatwa katika shule nyingi. Mtoto akipatikana na kitabu cha katuni chini ya dawati, kitabu hicho huchukuliwa na mtoto huadhibiwa. Mwalimu huona kwamba mtoto amekuja shuleni kusoma, hakuja kucheka. Mzazi naye akipata habari hizo humuunga mwalimu mkono. Lakini jioni mzazi huyo huyo hulifungua gazeti lake, na ukurasa wa kwanza anaoutafuta ni ule wa vichekesho vya picha!

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua vizuri ladha hiyo. Kwa miongo mingi Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau, aliwavunja mbavu wasomaji wa Taifa Leo. Huko Tanzania, Chakubanga wa Christian Gregory alifanya kazi kama hiyo katika gazeti la Uhuru. Picha chache na maneno machache yalitosha, na msomaji akakielewa kisa kizima, hata yule ambaye hakukaa darasani miaka mingi.

Basi yafaa tujiulize. Ikiwa picha nne zaweza kumweleza mtu mzima ujanja na upumbavu wa binadamu, kwa nini zisimweleze mtoto jinsi umande unavyotokea, jinsi mbu anavyoleta malaria, au jinsi yai la nyuki linavyogeuka kuwa nyuki? Mimi naona kwamba zaweza, tena vizuri sana, lakini kwa sharti moja. Katuni ni lazima imfikishe mtoto kwenye kitu chenyewe, imfanye aulize, ajaribu na atazame kwa macho yake. Katuni inayoishia kwenye kicheko ni mchezo tu. Ile inayomtoa mtoto nje akatazame mzinga, dimbwi au jani, hiyo ni somo.

SI JAMBO JIPYA

Wengine watadhani kwamba wazo hili limezuliwa juzi na watu wanaotaka kuwadekeza watoto. La hasha! Mnamo Desemba 1944, huko Marekani, jarida moja la wataalamu wa elimu lilitoa toleo zima kuhusu vitabu vya katuni na mafunzo. Miongoni mwa walioandika humo alikuwa W. W. D. Sones wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyeeleza namna picha hizo zinavyoweza kutumiwa na walimu.

Hata jeshi halikudharau katuni. Mwaka 1951 jeshi la Marekani lilianza kutoa kijarida kiitwacho PS, kilichowafundisha askari kutunza magari, silaha na mitambo. Aliyesimamia michoro yake ni Will Eisner, mchoraji mashuhuri wa katuni. Askari hakupewa kitabu kinene cha maagizo peke yake. Alionyeshwa kwa picha pale pa kutia mafuta, msumari wa kukaza, na hasara itakayompata akipuuza. Serikali haiwezi kuwapa askari wake mchezo wa kitoto wakati vifaru vyake vinataka matengenezo.

Lakini upinzani nao ulikuwa mkali. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawapotosha vijana na kuwatia katika uhalifu. Baraza la Seneti la Marekani likayachunguza mambo hayo, na wachapishaji wakajiwekea kanuni za kujichunga. Tangu hapo katuni ikabaki na sifa mbaya machoni mwa walimu wengi, na sifa hiyo ikasafiri pamoja na vitabu hadi nchi nyingine. Mwalimu wa leo anayemnyang'anya mtoto kitabu cha picha huenda hajapata kulisikia jina la Wertham, lakini anafuata nyayo zake.

NYUKI ALIYEZALIWA NG'AMBO

Hebu sasa tutazame mfano mmoja ambao Mswahili ataupenda kwa sababu maalumu. Jay Hosler ni mwalimu wa biolojia katika Chuo cha Juniata, jimbo la Pennsylvania, huko Marekani. Yeye ni mtaalamu wa wadudu na pia ni mchoraji. Mwaka 2000 hadithi yake ya picha juu ya maisha ya nyuki ilitolewa kuwa kitabu kimoja, kwa jina la Clan Apis. Na msomaji, je, wajua jina la nyuki aliye mhusika mkuu wa kitabu hicho? Jina lake ni Nyuki! Naam, neno letu hasa, kama linavyotamkwa Lamu na Machakos. Na nyuki mwingine aliye mkubwa wake anaitwa Dvorah, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni nyuki vilevile.

Kitabu hicho kinamchukua Nyuki tangu akiwa buu asiye na miguu wala macho, ndani ya chumba chake cha nta. Anapoambiwa kwamba wakati wa kugeuka umefika, anaogopa. Hataki kuacha hali aliyoizoea. Mtoto asomaye huelewa hofu hiyo mara moja, kwa maana naye anakua. Lakini papo hapo, bila ya kuhisi kwamba anafundishwa, amejifunza jambo la kweli kabisa la biolojia: mdudu wa aina hii hupita katika hali nne, yaani yai, buu, bundo na mdudu kamili. Kwa nyuki wafugwao wa Ulaya, mtenda kazi hutumia siku zipatazo 21 tangu yai linapotagwa mpaka anapotoka katika chumba chake.

Baadaye Nyuki anaingia kazini. Hapo tunakutana na mojawapo ya maajabu makubwa ya wadudu hawa, nayo ni ngoma yao. Nyuki aliyepata maua hurudi mzingani na kucheza mbele ya wenziwe gizani, juu ya sega lililosimama wima. Hupita moja kwa moja huku akitikisa tumbo, kisha huzunguka kulia, hurudia, halafu huzunguka kushoto, hata njia yake ikafanana na tarakimu ya nane. Akitikisika akielekea juu moja kwa moja, anawaambia wenziwe waruke kuelekea upande wa jua. Akipinda kidogo kulia, maana yake ni kwamba maua yako upande wa kulia wa jua kwa kipimo hicho hicho. Na kadiri mtikisiko unavyodumu, ndivyo maua yalivyo mbali. Aliyeifumbua lugha hiyo ni Karl von Frisch wa Austria, na kwa kazi yake alipata fungu la Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Jaribu, msomaji, kumweleza mtoto wa miaka 11 ngoma hiyo kwa maneno matupu. Maneno niliyoyatumia hapo juu ni mengi, na huenda hata mtu mzima imembidi ayasome mara mbili. Sasa fikiria visanduku vitatu vya picha. Katika cha kwanza, nyuki yuko juu ya sega na mshale unaonyesha njia yake. Katika cha pili, jua liko angani na mti wa maua uko pembeni, na pembe baina yao imepigwa mstari. Katika cha tatu, nyuki wenziwe wanaruka kuufuata mstari huo huo. Kazi imekwisha! Hapo picha imefanya kazi ambayo maneno peke yake yanaitaabikia.

Mwishoni Nyuki anakufa, kama wafavyo nyuki watenda kazi wote baada ya majuma machache ya kazi nzito, na mwili wake unaurudia udongo ulishao mimea. Mtoto huhuzunika. Lakini huzuni hiyo ndiyo inayomfanya asisahau kwamba maua, mdudu na udongo ni jamaa moja.

JE, WANAFUNZI WALIFAIDIKA?

Si haki kusifu dawa ambayo haikujaribiwa. Hosler mwenyewe alilijua hilo. Pamoja na mwenzake, K. B. Boomer, aliwapima wanafunzi wa chuo waliosoma kitabu chake kingine cha picha, Optical Allusions, kinachohusu macho ya viumbe na jinsi yalivyotokea. Waliwapa maswali kabla ya kukisoma na baada ya kukisoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wale ambao biolojia haikuwa somo lao kuu ndio walioanza wakiwa nyuma, kwa ujuzi na kwa mapenzi ya somo lenyewe. Baada ya kukisoma, ujuzi wao uliongezeka, na chuki yao kwa somo hilo ikapungua, hasa wale waliokuwa wakijua kidogo zaidi mwanzoni.

Jambo hili lina uzito kwetu. Kila darasa lina watoto wawili au watatu ambao wataelewa hata wakifundishwa kwa kitabu kikavu. Shida yetu ni wale wengine, wanaokaa nyuma, waliokwisha jiambia kwamba sayansi si yao. Mtoto huyo hukariri kwamba maji huchemka kwa digrii 100, akajibu mtihani, lakini hajui kwa nini kifuniko cha sufuria ya mama yake kina matone ndani. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta tunayo tele katika madaftari ya watoto wetu. Asali iko wapi?

PICHA INAVYOFUNDISHA

Siri ya katuni si ucheshi peke yake. Siri yake ni vile visanduku. Kisanduku kimoja hufuata kingine, na kati yao muda hupita. Mambo mengi ya sayansi ni mambo yanayofuatana hivyo hivyo: hili hutokea, kisha hili, kisha lile. Picha moja kubwa ukutani haiwezi kuonyesha mfululizo huo kwa urahisi, na sinema hupita haraka mno. Lakini visanduku hukaa kimya karatasini vikimngoja mtoto. Anaweza kurudi nyuma, akatazama tena, akaweka kidole chake juu ya mahali asipopaelewa.

Tuchukue malaria, ugonjwa ambao katika sehemu nyingi za nchi yetu bado unaua watoto. Wazee wengi waliambiwa kwamba homa hii inaletwa na kunyeshewa mvua au kula maembe mabichi. Hata neno lenyewe malaria limetokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Ni mwaka 1897 tu ambapo Ronald Ross, akiwa India, alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu.

Sasa chora visanduku sita. Katika cha kwanza, mbu jike wa aina ya anofelesi anamuuma mtu usiku na kumtia vimelea pamoja na mate yake. Katika cha pili, vimelea vimefika katika ini, na mtu huyo bado anacheza mpira bila ya kuhisi lolote. Katika cha tatu, siku kadhaa zimepita, vimelea vimezaana na kumwagika katika damu. Katika cha nne, vinaingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na mgonjwa anatetemeka chini ya blanketi. Katika cha tano, mbu mwingine anamuuma mgonjwa na kuvinyonya vimelea. Na katika cha sita, baada ya siku kumi hivi au zaidi ndani ya mbu huyo, anamuuma jirani.

Kalenda ndogo ikichorwa pembeni mwa kila kisanduku, mtoto ataona kwa macho yake kwamba mbu aliyemuuma jana si yeye aliyemletea homa ya leo. Ataona kwa nini maembe yalisingiziwa, maana msimu wa maembe na msimu wa mbu unaweza kukutana. Ataona kwamba chandarua cha mgonjwa kinamlinda jirani pia. Na mhusika wa katuni hiyo anaweza kuwa mjukuu anayemuuliza nyanya yake kwa adabu: "Nyanya, mbona Kamau hakula maembe na bado anaugua?" Swali kama hilo, likitoka katika kinywa cha mtoto wa picha, humfundisha mtoto wa kweli namna ya kuuliza bila ya kumvunjia mkubwa heshima.

KWETU NYUMBANI

Kenya si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo liliwazoesha wasomaji wa mjini kuyatazama maisha yao kwa picha. Katika miaka ya 1980 shirika la CARE Kenya lilitoa gazeti la watoto liitwalo Pied Crow, ambalo lilipelekwa katika shule za msingi likiwa na michoro na hadithi juu ya mazingira. Na mwaka 1994 kikatoka The Struggle for Nairobi, kitabu ambacho Hirst alikieleza humo kwa michoro kisa cha jiji la Nairobi na mazingira yake.

Katika miaka ya 1990 shirika la UNICEF lilisambaza hadithi za picha za msichana aitwaye Sara katika nchi za Afrika Mashariki na Kusini, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Sara alipigania haki ya kubaki shuleni, na kupitia kwake wasichana walijifunza kujikinga na Ukimwi.

Halafu mwaka 2010 likatokea Shujaaz, gazeti la katuni la Nairobi linalozungumza Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule bila ya kupata kazi, naye anaendesha kituo cha redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Gazeti hilo liligawiwa bure ndani ya Daily Nation, na mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kati ya mambo liliyowafundisha vijana ni kuwapaka vifaranga rangi, ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula chake. Nao wenzetu wa Dar es Salaam walianzisha Ubongo Kids mwaka 2014, katuni za televisheni zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo.

Basi wachoraji tunao, na wasomaji tunao. Kinachokosekana mara nyingi ni daraja baina ya kijarida na darasa. Kijarida hufika, watoto hukichangamkia, kisha mwalimu hukifungia kabatini kwa sababu hakimo katika mtihani.

PICHA YAWEZA KUDANGANYA

Hata hivyo, tusije tukasahau methali isemayo kipya kinyemi ingawa kidonda. Katuni ina hatari zake, na mwalimu asiyezijua atawapoteza watoto.

Hatari ya kwanza ni ukubwa. Kuna kisa kinachosimuliwa sana miongoni mwa wafundishaji wa afya. Wanakijiji walionyeshwa picha ya mbu aliyechorwa mkubwa kama kuku ili aonekane vizuri. Walipomaliza kutazama wakashukuru, wakasema kwamba wao wana bahati, maana mbu wa kwao ni wadogo! Kama kisa hicho kilitokea au hakikutokea, funzo lake ni la kweli. Mchoraji anapokuza kitu, sharti aweke kando yake kitu ambacho mtoto anakijua, kama vile punje ya mchele au ncha ya penseli.

Hatari ya pili ni kuvipa vitu nia ya kibinadamu. Kijidudu cha ugonjwa huchorwa na meno, kofia na kicheko cha jambazi. Inachekesha, lakini mtoto anaweza kudhani kwamba kimelea kinamchukia. Kimelea hakina chuki. Kinaishi na kuzaana tu, na ndiyo maana hakiwezi kuombwa wala kutishwa. Kinachofaa ni kukizuia.

Hatari ya tatu ni mfano unaovutwa kupita kiasi. Wachoraji wengi hupenda kuuonyesha umeme kama watu wanaobeba maji kwenye mtungi na kuyamwaga katika taa. Mtoto akitazama hivyo ataamini kwamba mkondo wa umeme humalizika ndani ya balbu. Sivyo. Mkondo unaoingia katika balbu ni sawa na ule unaotoka. Kinachotolewa pale ni nishati, ambayo hugeuka kuwa mwanga na joto. Mwalimu mwerevu hatakitupa kitabu hicho. Atawauliza wanafunzi wake, "Mchoraji amekosea wapi?" Darasa linaloweza kujibu swali hilo limeelewa umeme kuliko darasa lililokariri ukurasa mzima.

LUGHA YA KIPUTO

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Katika shule zetu, kuanzia gredi ya nne, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kijijini huwa na mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja: wazo jipya na lugha ngeni. Picha humpunguzia mzigo mmoja, lakini kiputo cha maneno kikiandikwa kwa Kiswahili humpunguzia na wa pili.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hao wamechelewa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Neno kama usanisinuru limekwisha kuwa la kawaida kwa wanafunzi wa Tanzania. Hata hivyo kamusi haitoshi. Neno zito likikaa peke yake katika kitabu humtisha mtoto kama lilivyomtisha la Kiingereza.

Hapa ndipo udogo wa kiputo unapotufaa. Kiputo hakina nafasi ya sentensi ndefu. Mwandishi analazimika kutafuta Kiswahili ambacho watu wanakisema kweli: "Jani hili linajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa." Mtoto akishaelewa hivyo, ndipo katika kisanduku kinachofuata mwalimu wa picha aseme, "Kazi hiyo tunaiita usanisinuru." Wazo limetangulia, jina limefuata. Tukifanya hivyo kwa miaka michache tu, maneno ya kamusi yatashuka mpaka kwenye ndimi za watoto.

CHAKI NA CHUPA YA SODA

Mwalimu wa shule isiyo na maabara atasema: haya yote ni mazuri, lakini fedha za kununua vitabu hivyo zitoke wapi? Jibu ni kwamba katuni bora kuliko zote ni ile inayochorwa na wanafunzi wenyewe, na gharama yake ni chaki na karatasi.

Chukua chupa ya soda ya rangi ya machungwa iliyotoka katika friji au katika ndoo ya barafu. Iweke juu ya meza. Baada ya muda mfupi itatoka jasho. Kabla ya kusema lolote, waambie watoto wachore visanduku vinne kuonyesha maji hayo yametoka wapi. Utashangaa! Wengi watachora soda ikipenya katika kioo cha chupa. Wengine watachora baridi yenyewe ikigeuka maji. Wachache watachora maji yakitoka hewani.

Usimcheke yeyote, wala usiwape jibu. Chukua karatasi nyeupe, uyapanguse matone yale mbele yao. Karatasi italowa, lakini haitakuwa na rangi ya machungwa. Basi soda haikupenya! Sasa waambie wachore tena. Mtoto aliyekosea atakifuta kisanduku chake cha tatu kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna adhabu wala alama nyekundu ya mwalimu iwezayo kufundisha kama mfuto huo. Isitoshe, mwalimu amepata kuona ndani ya fikira za wanafunzi wake 40 kwa dakika 20, jambo ambalo mtihani wa kuchagua jibu haumwonyeshi.

Na wale vifaranga wa Shujaaz je? Wasichukuliwe hivi hivi kuwa habari ya kweli kwa sababu zimechapishwa. Shule yenye kuku inaweza kuwapaka nusu ya vifaranga rangi isiyo na sumu, nusu nyingine waachwe walivyo, wote wakae uwanja mmoja. Kila jioni watoto wahesabu na kuandika. Baada ya mwezi watazame ni wangapi walionyakuliwa katika kila kundi. Vifaranga wa shule moja hawatoshi kutoa hukumu, lakini shule tatu au nne za jirani zikilinganisha hesabu zao, hapo watoto watakuwa wamefanya sayansi yenyewe, si kusoma habari zake tu.

MWISHO

Wazazi wasiogope kwamba watoto watapotea kwa kutazama picha. Mtoto ataziona picha tupende tusipende, kwenye gazeti, kwenye televisheni na kwenye simu ya mkononi. Tofauti ni kama picha hizo zitamwacha ameduwaa au zitamfanya ainuke akaulize.

Wachoraji wetu nao, wanaotuchekesha kila siku kwa visa vya wanasiasa na walevi, wangefanya jambo la maana kama wangewatengea watoto kisanduku kimoja kwa juma. Mtaalamu wa nyuki akiketi na mchoraji, na mwalimu wa Kiswahili akaketi kati yao, hadithi itapatikana. Mmarekani mmoja aliliazima neno letu, akampa nyuki wake jina hilo, na nyuki huyo amewafundisha watoto wa huko namna mzinga unavyoishi. Ingekuwa aibu ikiwa watoto wa Kitui na Baringo, ambao mizinga inaning'inia juu ya vichwa vyao, watakuwa wa mwisho kukutana na Nyuki.

Mwalimu, kesho ukimkuta mtoto na kitabu cha katuni chini ya dawati, kitwae ukipenda. Lakini kabla hujakifungia kabatini, kifungue kwanza ukitazame. Labda somo lako la Jumatatu limo humo.